Dereva Hanywi

SEHEMU YA KWANZA

Nilichaguliwa kuwa dereva kwa sababu moja tu: sinywi. Nimelelewa Ngamiani, Tanga, na bibi aliyekuwa akinusa hadi chupa ya soda kabla hujaingia nayo ndani, na malezi yale yamenifuata mpaka Ujerumani. Mangi alipotangaza safari ya Oktoberfest, aliandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Dereva kapatikana. Hanywi." Jina la Shabani likafutika hapo hapo. Watatu kati ya wenzangu wanne wa kundi lile wakawa wananiita Dereva, wao peke yao. Chuoni na msikitini nilibaki Shabani. Nalitaja hili mapema kwa sababu lilikuja kunitokea puani.

Saa tisa usiku, Jumamosi ya tarehe 16 Septemba 2023, tulikuwa Leipzig mbele ya nyumba ya Mzee Sefu. Mzee huyu alikuja kusoma hapa enzi za Ujerumani Mashariki, chuo kikuu kikiwa bado na jina la Karl Marx. Nchi aliyoijia ikafa, yeye akabaki. Alitoka na msuli na sweta, akanikabidhi funguo za Opel yake ya kijivu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Shabani, gari hili halijawahi kulala polisi."

"Wala halitalala, mzee."

Mangi, mtu wa Kibosho, mwili jumba, akakaa mbele na chupa zake za bia miguuni. Dada Neema, muuguzi kutoka Mbeya, alikuja amevaa dirndl, lile gauni la Kibavaria lenye kiuno cha kubana na aproni mbele. Mangi akamkagua chini ya taa ya barabarani.

"Dada, umefunga fundo la aproni kulia."

"Sasa?"

"Kushoto maana yake uko huru. Kulia una mwenyewe. Nani huyo, na kwa nini hatumjui?"

"Nimefunga tu, jamani." Akacheka, akaingia nyuma.

Kulwa alifika wa mwisho, kwa miguu, amekumbatia begi jeusi la mgongoni kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Nikafungua buti. Akatikisa kichwa, akaingia nalo ndani, akalipakata.

"Una nini humo, dhahabu ya Geita?" Mangi akauliza.

"Nguo."

Tukashika barabara ya A9 kwenda kusini. Mangi alifungua chupa ya kwanza kabla taa za mji hazijaisha, na kila alipomeza funda alitupa somo. Kwamba mwaka 1810 mwana mfalme Ludwig wa Bavaria alimwoa Therese, wenyeji wa Munich wakaalikwa kwenye uwanja nje ya mji, sherehe zikafungwa kwa mashindano ya farasi. Uwanja ukapewa jina la bibi harusi, Theresienwiese, na mpaka leo wenyeji wanauita Wiesn kwa kifupi. Farasi wakaacha kukimbia, bia ikabaki. Kwamba bia yenyewe haitoki popote tu: ni viwanda sita vya mji wa Munich vinavyoruhusiwa kuuza pale, na hakuna kikombe kinachojazwa siku ya kwanza mpaka meya atoboe pipa saa sita kamili mchana.

"Yaani tunakimbia usiku kucha tukasubiri meya?" Neema akauliza.

"Harusi haina haraka," Mangi akajibu. Kisha, bila kugeuka: "Kulwa, na Doto yuko wapi siku hizi?"

Jina la Kulwa ni nusu ya habari; ukilisikia, unajua kuna pacha mahali. Nilishangaa tu kwamba miezi yote hii hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Doto hayupo," Kulwa alisema.

Gari likawa kimya. Mangi akashusha chupa. "Dah. Pole sana, ndugu yangu. Sikujua."

Kulwa hakuitikia. Kwenye kioo cha kati niliona Neema amegeuzia uso dirishani, ingawa nje hapakuwa na kitu cha kutazama zaidi ya giza.

Saa kumi na nusu tukasimama Frankenwald, jirani na ulipokuwa mpaka wa Ujerumani mbili. Pale kuna mgahawa uliojengwa juu ya barabara kama daraja, magari yanapita chini ya meza za watu. Choo euro moja. Mangi aligombana na mashine ya mlangoni kana kwamba ni kondakta aliyemnyima chenji, halafu akafungua chupa ya pili kujiliwaza. Niliporudi garini, Neema alikuwa peke yake, mwanga wa simu usoni. Aliponiona akailaza kifudifudi mapajani.

"Kazini?" nikamuuliza.

"Eeh. Kazini."

Saa kumi na moja na nusu alfajiri.

Otieno tulimkuta kituo cha mafuta Bayreuth. Huyu ni Mkenya anayeandika tasnifu yake ya Kiswahili katika mji huo, ambako kila mwaka wataalamu wa lugha yetu hukusanyika kujadiliana. Mjaluo wa Kisumu, na ndiye anayetusahihisha sisi Watanzania. Aliingia na mfuko wa mandazi aliyoyakaanga mwenyewe, akakaa katikati, akaangalia mikono yangu kwenye usukani.

"Dereva, wewe ulikuja Ujerumani lini?"

"Machi."

"Tarehe?"

"Kumi. Mbona kama uhamiaji?"

"Na leseni unayoendeshea ni gani?"

"Ya nyumbani. Ni halali. Nilisoma, leseni ya nje inatumika."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayehesabu siku za arobaini. "Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba. Inatumika miezi sita tangu uanze kuishi hapa. Miezi yako sita imeisha Jumapili iliyopita, boss. Tangu Jumatatu wewe ni mtu anayeendesha gari bila leseni. Na hapa hiyo si faini ya trafiki. Ni jinai. Na mwenye gari naye anaulizwa."

Nilimwona Mzee Sefu na msuli wake, amesimama mbele yangu kwenye kioo cha gari.

"Nani mwingine ana leseni ya hapa?" nikauliza.

Kimya. Neema alikuwa bado kwenye darasa la udereva. Otieno hana, Kulwa hana. Macho yote yakamgeukia Mangi, mwenye leseni ya Kijerumani mwaka wa nne sasa, na chupa mbili tupu miguuni.

"Msiniangalie hivyo," alisema. "Mlisema dereva yupo."

Hesabu ikawa hiyo. Aliye safi hana leseni, mwenye leseni ananuka kimea. Tukakubaliana nisogee mpaka maegesho ya kwanza, tukae saa mbili, Mangi alale kidogo, pombe imtoke. Maegesho yalikuwa kilomita tisa mbele. Nikaenda kilomita themanini kwa saa, mikono miwili kwenye usukani, kama mzee anayepeleka mayai sokoni.

Kwetu trafiki unamwona tangu mbali, sare nyeupe, mkono juu. Hapa anakuja kwa nyuma. Gari la bluu lilitupita upande wa kushoto, likaingia mbele yetu, likapunguza mwendo. Kisha juu ya paa lake maandishi yakaanza kuwaka kwenye giza, neno moja baada ya jingine: POLIZEI. BITTE FOLGEN.

Polisi. Tufuateni.

"Mungu wangu," Neema alisema. Na Kulwa, ambaye hakuwa ameongea tangu Frankenwald, akaanza kulisukuma begi lake taratibu chini ya kiti changu.

SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: Shabani, dereva asiyekunywa, anagundua njiani kwamba leseni yake imeisha nguvu Ujerumani. Kabla hajafika maegesho, polisi wanamwamuru awafuate, na Kulwa anaficha begi lake chini ya kiti. SASA ENDELEA…

Walikuwa wawili, kijana na mama wa makamo. Mama akaniomba leseni. Nikampa kile kikadi cha nyumbani, na kabla hajauliza nikasema kwa Kijerumani changu cha kuungaunga: nimekuja Machi kumi, nimejua leo, dakika kumi zilizopita, nilikuwa natafuta mahali pa kuegesha. Otieno akafumba macho. Sijui kama ukweli ule ulinisaidia. Ulichofanya ni kumfanya yule mama anitazame kwa muda mrefu.

Akaandika kila kitu. Jina langu, anwani, jina la Mzee Sefu. Barua ingekuja, akasema. Ila kuanzia hapo, usukani nisiuguse.

"Nani mwingine anaweza kuendesha?"

Mangi akashuka garini, mwili wote, harufu ikamtangulia. Yule kijana akacheka, akaenda kuleta kipimo. Kiwango cha mwisho cha pombe kwenye damu Ujerumani kwa dereva mzoefu ni 0.5 kwa elfu, kwa mwenye leseni chini ya miaka miwili ni sifuri kabisa. Mangi akapuliza mashavu yakivimba kama mpiga tarumbeta. Tukasubiri. Kijana akasoma namba, akaisoma tena, akamwonyesha mwenzake.

0.21.

"Kunywa kahawa kwanza," mama akamwambia Mangi. "Halafu endesha."

Naomba uniache niseme hapa: sheria ile siilaumu, nimeisoma baadaye na inaeleweka. Lakini kusimama kando ya barabara saa kumi na mbili alfajiri, koo halijawahi kuonja tone, ukimtazama mtu aliyekunywa lita nzima tangu usiku wa manane anakabidhiwa funguo zako na serikali, kunataka moyo.

Walikagua pembetatu ya tahadhari, sanduku la huduma ya kwanza, fulana ya kung'aa. Kisha tochi ya kijana ikashuka chini ya kiti changu.

"Begi la nani?"

Kulwa akashuka. Akasema sentensi mbili ndefu kwa Kijerumani fasaha ambacho sikujua anacho. Kijana akafungua zipu nusu. Nilipokuwa nimesimama niliona kona ya fremu ya picha na pindo la kanga. Alichungulia, mkono ukasita. Akaifunga zipu polepole kuliko alivyoifungua, akamrudishia Kulwa begi kwa mikono miwili, akamwambia neno. Sikulisikia vizuri. Otieno alilisikia.

"Amempa pole ya msiba," alininong'oneza.

Hakuna aliyethubutu kuuliza. Wote tulijijibu wenyewe: vitu vya marehemu Doto. Tukala mandazi kimya kimya, Mangi akamaliza vikombe viwili vya kahawa, tukaondoka kumepambazuka.

Baada ya Nürnberg jua lilikuwa juu na ndimi zikafunguka kidogo. Tulipita Ingolstadt, ambako mwaka 1516 watawala wa Bavaria walitangaza kwamba bia itengenezwe kwa shayiri, hopsi na maji tu. Mbele yake ni Hallertau, eneo kubwa kabisa duniani kwa kilimo cha hopsi, na barabara inapita katikati yake. Miti mirefu ya mita saba imesimikwa safu kwa safu, nyaya zinaning'inia, hopsi nyingi zimeshavunwa. Mangi, mikono kwenye usukani, akawa mtu mwingine.

"Mnaona haya? Haya ndiyo msesewe wao."

"Msesewe nini?" Otieno akauliza.

"Gome la mti. Mbege ni ndizi na ulezi, lakini ukiishia hapo umepika uji mtamu. Msesewe ndio unaoleta uchungu. Bibi yangu alikuwa analamba kidoleni, anasema bado, anaongeza, analamba tena. Hakuwa na mtawala wa kumwandikia sheria." Akatulia. "Na kikombe hakikuwa euro kumi na nne na senti tisini."

Hiyo ndiyo bei ya juu ya mwaka ule kwa Maß moja, kikombe kizito cha kioo cha lita nzima. Ukiibadilisha inavuka shilingi 35,000. Otieno aliapa atarudi na kikombe kwa bei hiyo. Neema akamwambia mwaka 2019 walinzi walikamata vikombe karibu 97,000 vya wajanja kama yeye. Tukacheka. Hata Kulwa alitabasamu. Nakumbuka tabasamu lile kwa sababu lilikuwa la mwisho siku ile.

Gari tuliliacha Fröttmaning, karibu na ule uwanja wa mpira unaoonekana kama boya lililojazwa upepo. Tukapanda treni ya chini ya ardhi hadi Goetheplatz, tumebanwa kati ya kaptura za ngozi na kofia zenye manyoya, tukafuata umati mpaka getini. Hapo mlinzi akanyoosha kidole kwenye begi la Kulwa. Lisizidi lita tatu, alisema. Lile lilibeba lita ishirini. Kulikuwa na sehemu ya kuhifadhi mizigo kwa malipo. Kulwa akakataa.

"Sitaliacha kwa mtu nisiyemjua."

"Niachie mimi," nikasema. Bia si yangu, usukani wamenipokonya, angalau niwe mlinzi wa begi.

Alinitazama muda. "Shabani, usilifungue. Na usimpe mtu."

Ni yeye tu aliyeniita Shabani safari nzima. Akanivisha mikanda mabegani mwenyewe, wakaingia.

Nikakaa kwenye ukuta mfupi kando ya njia. Wenye mahema ya bia walipita na magari ya kukokotwa, farasi wakubwa wenye shada shingoni, mapipa yakiwa yamepangwa nyuma yao. Simu ikaleta sauti ya Mangi: "Dereva, tumepata benchi bustanini, nje ya hema. Watu elfu ngapi sijui, wote wamekaa mbele ya chupa za maji kama wako kliniki. Bia hakuna mpaka saa sita!" Nyuma yake nilimsikia Neema akisema anakwenda msalani.

Saa sita kamili mizinga ikalia. Milio kumi na miwili, njiwa wakaruka, na kelele ikapanda kutoka mahemani kama goli limeingia. Meya ametoboa pipa. Watu waliobaki nje wakaanza kusukumana kuelekea getini, na katikati yao nikamwona Kulwa akija kinyume nao.

Alikuwa amenunua kaptura ya ngozi. Soksi ndefu, shati la mirabamiraba, kofia. Nilicheka mpaka nikainama.

"Kumbe na wewe!"

Hakucheka. Alikuwa anahema, jasho usoni. "Lete begi, Dereva."

"Umepata wapi hela ya—"

"Lete, bwana. Nina haraka."

Nikavua begi. Akalipokea kwa mkono wa kushoto, akaligusa juu kama anayepima uzito, akaondoka akielekea mtaani, si getini. Nilidhani anakwenda kulihifadhi baada ya yote. Nikanunua soda. Nikakaa.

Dakika ishirini hivi zilipita. Mtu akanigusa bega.

Alikuwa Kulwa. Suruali yake ya jinzi, fulana yake ya asubuhi, doa la mafuta ya mandazi pale pale kifuani. Nyuma yake Mangi na Otieno, na Neema hatua tatu nyuma yao.

"Begi liko wapi?" Kulwa akauliza.

"Si nimekupa?"

"Umenipa mimi?"

"Hapa hapa. Ulivaa kaptura ya ngozi…" Sentensi ikanifia mdomoni.

"Alipokea kwa mkono gani?"

"Kushoto."

Kulwa akakaa chini, kwenye lami, watu wakimpita pembeni. Mangi akachuchumaa mbele yake. "Ndugu yangu, ulituambia Doto hayupo."

"Nilisema hayupo. Sikusema amekufa." Alifunika uso kwa viganja. "Miaka miwili hapokei simu zangu. Nimesikia tu kwamba yuko Munich, anaosha vikombe kwenye hema mojawapo. Aliyekufa ni mama. Tumemzika Julai. Kwenye begi mna picha yake ya mazishi, kanga yake, na barua aliyoniandikisha akiwa kitandani. Doto hajui. Nilitaka nimwambie mwenyewe, nimshike mkono. Sasa atafungua zipu peke yake, chumbani, na mama ndiye wa kwanza kumtazama."

Hakuna aliyesema kitu. Muziki ulikuwa ukipigwa huko ndani.

"Ila amejuaje?" Kulwa akainua kichwa. "Amejuaje kwamba begi lipo, na kwamba unalo wewe? Shabani, alipokuja, alikuitaje?"

Nilitamani kudanganya.

"Dereva."

Mangi akamtazama Otieno. Otieno akamtazama Mangi. Kisha sote, mmoja baada ya mwingine, tukamgeukia Neema, aliyesimama na fundo la aproni upande wa kulia, machozi yanamtoka, simu mkononi.

Simu ikaita. Aliishika kwa nguvu kifuani, lakini mkono ulikuwa unatetemeka, na kioo kikageuka upande wangu. Herufi nne.

DOTO.

Je, Neema atapokea? ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.